Kilio cha wenyeji, kicheko cha basoda

Ba ndugu na ba dada wa chama, leo tuache kidogo mihogo na mbegu. Niko na neno juu ya kamusi moja, Hobson-Jobson, ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyotoka London mwaka 1886. Imekusanya maneno ambayo Waingereza, basoda wao pia, waliokota kule India.

Kazi yenyewe ni ya nguvu. Maneno mengi yako na mifano pamoja na miaka yake, unaona yalipitia wapi. "Loot", yaani kupora, ni "lut" ya Kihindustani. Kuko pia "Bilayut", maana yake Ulaya, toka "wilaya" ya Kiarabu. Katika vita ya 1914-1918 basoda Waingereza walishasema "Blighty": kwetu, nyumbani. Hata kidonda cha kukurudisha nyumbani bila kukuua kiliitwa hivyo. Sisi mzizi huohuo ulitufikia kwa njia ya pwani: Ulaya, na huku kwetu Bulaya. Kijana wa Kongolo anayeota Bulaya na soda aliyelala katika matope ya Ufaransa, neno lao ni moja.

Lakini jina la kitabu linanikwama. Wakati wa Muharram, Waislamu, hasa Washia, wanawaomboleza wajukuu wa Mtume. Wanajipiga kifua, wanalia "Ya Hasan! Ya Husain!" Basoda Waingereza walisikia "Hobson-Jobson". Kilio kikageuka mchezo, na mchezo ukapanda juu ya jalada. Tena waandishi walijua asili yake, waliieleza wenyewe, na bado likawapendeza.

Kasoro ni hapo. Mifano mingi ni ya wageni. Tunajua "loot" ilisafiri namna gani. Aliyeporwa alisema nini, ni shida kusikia.

Sisi wa Tanganyika tunaijua vita. Mudomoni mwetu muko "soda", toka Kifaransa "soldat", na "kasho", toka "cachot". Hayakuja na vitabu, yalikuja na bunduki. Wazee waliokimbia basoda, waliolala kasho, wangali nasi, lakini wanapungua kila mwaka. Sisi wenye lisansi tunajua kupima shamba na kujaza fishi. Basi tuyaandike maneno hayo pia, na kwa kila neno tuanze kwa kumuuliza aliyepigwa.