Uzee wa Daftari

Machi 2012 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya seva iitwayo Xeon E5-2670, yenye viini 8 na bei iliyozidi dola 1,500 kwa kipande kimoja. Miaka minne baadaye, zilipoanza kung'olewa kwa wingi kwenye vituo vya data, prosesa hizohizo zilikuwa zikiuzwa mtandaoni kwa chini ya dola 100. Kuchakaa hazikuchakaa. Prosesa haina kinachozunguka wala kinachosuguana ndani yake; ikipata ubaridi wa kutosha huziacha nyuma feni, diski na pawasaplai zilizozaliwa nayo siku moja. Kilichokwisha ni umri wake vitabuni. Kampuni hupanga kwamba seva itahesabiwa kuwa mali kwa miaka kadhaa, thamani ikipunguzwa kila mwaka, na miaka hiyo ikiisha mashine huonekana mzigo hata kama haijawahi kukohoa. Kwamba umri huo ni wa kalamu, wenye seva wenyewe wamethibitisha: mwaka 2021 kampuni mama ya Google iliandika upya umri wa seva zake kutoka miaka 3 hadi 4, na mwaka 2023 ikaufikisha 6. Microsoft nayo iliruka kutoka 4 hadi 6 mwaka 2022. Hakuna fundi aliyepita usiku akikaza skrubu.

Ustadi ninaousifu hapa unaanzia kwenye mwanya huo, kati ya umri wa daftari na umri wa chuma: kuichukua seva iliyostaafishwa, kuipima upya, na kuifanya kompyuta ya mezani nyumbani. Wengi huusifu kwa unafuu. Unafuu upo, ila hiyo ni sifa ya soko. Sifa ya fundi ni kwamba kazi hii humlazimisha kuuliza, kwa kila kipande, kilitengenezwa kikae wapi na kimtumikie nani. Na kwa seva jibu halibadiliki: ilitengenezwa ikae chumba kisicho na mtu.

Anza na kelele. Seva ya raki iliyo nyembamba kabisa ina kimo cha milimita 44 na ushei, kwa hiyo feni zake haziwezi kuzidi milimita 40, na feni ndogo hivyo ili isukume hewa ya kutosha hulazimika kuzunguka hata zaidi ya mara 15,000 kwa dakika. Ukiiwasha sebuleni, huvuma kama mashine ya kusaga. Asiyejua hukimbilia kununua feni za kimya, kisha hushangaa mashine ikilalamika kwamba feni zimekufa, kwa sababu seva huhesabu mizunguko yake na hairidhiki na polepole. Kwenye baadhi ya seva za Dell za aina ya PowerEdge kuna jambo la kuchekesha zaidi: chomeka kadi isiyo ya kampuni hiyo, na feni zote zitapanda mbio. Mashine haijui kadi hiyo ngeni ina joto kiasi gani, hivyo inachukulia ni baya kuliko yote. Ipo amri ya kuipeleka kwenye chipu ya usimamizi ili itulie. Lakini anayeituma amechukua dhamana. Tangu hapo mashine haijilindi kama ilivyofundishwa, na wa kuangalia nyuzijoto ni yeye. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu mara nyingi huiacha raki dukani na kutafuta mashine ya kusimama, mfano HP Z420, inayobeba prosesa za ukoo uleule lakini ilibuniwa ikae pembeni ya mtu, na feni zake ni kubwa na za taratibu.

Picha nayo ina kisa chake. Seva nyingi za miaka hiyo huonyesha picha kwa chipu iliyotokana na Matrox G200, muundo wa mwaka 1998. Inatosha kwa msimamizi anayekuja mara moja kusoma maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kwa filamu haifai kitu. Basi inahitajika kadi ya picha, na hapo ndipo penye mtihani: nafasi ya kuchomekea aghalabu ni fupi na imezibwa mwishoni, kadi ni ndefu. Wapo wanaoikata plastiki ya mwisho kwa msumeno mwembamba na kuilainisha kwa tupa, na kadi hufanya kazi, kwani hukubaliana na ubao kutumia njia chache za data zilizopo. Kinachosahaulika ni umeme. Nafasi ndefu inaweza kutoa hadi wati 75, lakini fupi mara nyingi imepangiwa wati 25 tu, na msumeno hauongezi hata wati moja. Sauti ni kazi ya dakika moja: kidude cha USB. Diski nazo hujieleza zenyewe ukizitazama kwa karibu. Diski ya SATA, ile ya kompyuta za kawaida, ina pengo kati ya mdomo wa data na mdomo wa umeme. Ya SAS, ile ya seva, pengo hilo limejazwa. Kwa hiyo ya SATA huingia kwenye nafasi ya SAS bila ugomvi, lakini ya SAS hugoma kuingia kwenye waya wa SATA. Aliyebuni alitaka kosa lizuiwe na umbo, pasipo kutegemea mtu asome maelekezo.

Hadi hapa fundi amekuwa akipunguza ugeni wa mashine. Kwenye RAM anapokea urithi. RAM ya seva hubeba biti za ziada zinazosahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili, kwa fikra aliyoichapisha Richard Hamming wa Bell Labs mwaka 1950. Utafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto uliotolewa mwaka 2009 uliona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vilipata makosa ndani ya mwaka mmoja. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina kinga hiyo. Biti ikigeuka katikati ya kunakili picha za harusi, hakuna wa kusema. Na kwa kuwa vijiti vingi vya seva havikubaliki kwenye bodi za kawaida, wanunuzi ni wachache na bei yake iko chini. Kitu bora kimekuwa rahisi kwa sababu hakina pa kuchomekwa. Anayekipatia pa kuchomeka hajamwibia mtu.

Pingamizi la kwanza ni umeme, na si la kupuuzwa. Tuseme mashine hii inakula wati 100 zaidi ya kompyuta ndogo ya kisasa. Kwa saa 6 kwa siku hiyo ni uniti 0.6; kwa mwenye luku ya Dar es Salaam anayelipa karibu shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, ni shilingi 210 kwa siku, yaani 6,300 kwa mwezi. Iache ikiwaka usiku na mchana, na ziada inafika kama 25,000. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kituo cha data kinaweza kuwa na haki kuitupa mashine ambayo nyumbani ina haki ya kubaki: kule haizimwi kamwe. Atakayeiweka nyumbani bila kuizima amebeba gharama za kituo cha data bila mapato yake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Prosesa mpya ya bei ndogo, Intel N100 ya mwaka 2023, ina viini 4 na imepangiwa wati 6, na kwa kazi moja moja haiachwi nyuma na Xeon ile ya 2012. Anayeandika barua na kusoma habari basi aichukue hiyo, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo hata kama ana seva tatu dukani. Faida ya seva iko kwa anayehariri video, anayejenga programu kubwa, au anayetaka RAM ya gigabaiti 128 bila kuuza kiwanja. Naye aambiwe mapema kwamba Xeon za E5 za matoleo mawili ya kwanza hazina maagizo ya AVX2, ambayo baadhi ya programu za leo huyadai, na kwamba Windows 11 haizitambui rasmi. Matoleo mengi ya Linux hayana neno nazo.

Wako pia wanaosema kuwa kukaribisha mashine kuukuu ni kukaribisha jalala. Taka za kielektroniki duniani zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo, kwa hiyo hofu hiyo ina mashiko. Lakini jalala huletwa na kontena la mitumba isiyopimwa. Fundi ninayemzungumzia husoma saa ambazo diski imefanya kazi kabla ya kulipa, huijaribu RAM usiku kucha, hubadilisha betri ndogo ya bodi na kupaka upya dawa ya joto juu ya prosesa. Iliyoshindwa haichukui.

Imebaki dosari ambayo sijaona dawa yake. Seva nyingi hazijui kusinzia, na zikiwashwa huchukua dakika kadhaa kukagua RAM na kila kadi kabla ya kuonyesha chochote, kwa sababu aliyezibuni alitarajia ziwashwe mara moja na kusahaulika. Kwa kuwa hesabu ya umeme inataka izimwe kila jioni, kila asubuhi mwenye nyumba ataisubiri. Bora alijue hilo kabla hajatoa fedha.