Kimia au Uzio? Maoni Juu ya Istilahi za Femioni

Hivi karibuni tumepata kuisoma rasimu ya tafsiri ielezayo jinsi wanafizikia wanavyozichunguza femioni kwa kompyuta. Femioni ni jina la jumla la chembe kama elektroni na kwaki, ambazo mbili za aina moja haziwezi kuwa katika hali moja. Jina hilo latokana na Enrico Fermi, na kuiacha “r” ni sawa na ilivyofanywa katika “homoni”. Hapo mfasiri amefaulu. Hitilafu tuzionazo ni mbili.

Ya kwanza ni “uzio”. Mwaka 1974 Kenneth Wilson alionyesha kwamba mahali na wakati, ambavyo mashine haiwezi kuvikokotoa bila kuvikata, vyaweza kugawanywa katika nukta zenye nafasi sawa. Kwaki hukaa kwenye nukta. Uga wa nguvu inayoziunganisha hukaa kwenye mistari iliyo kati ya nukta. Kazi ya uzio ni kuzuia, wala hautoi picha hiyo. Kimia cha mvuvi kina mafundo, nyuzi na macho. Na kadiri macho yanavyopunguzwa, ndivyo hesabu inavyoukaribia ukweli. Mwalimu mmoja wa Maramba alitupinga, akisema wanafunzi wake ni watoto wa wakulima, hawavui. Tulipomwuliza mpira wa goli huishia wapi, alijibu papo hapo: “Kimiani!”

Ya pili ni “kuzaana kwa femioni”. Femioni moja ikiwekwa juu ya kimia cha vipimo vinne bila hadhari, hesabu hutoa 16. Zile 15 za ziada hazikuletwa na maumbile, bali na kimia chenyewe. Wilson alizitwisha uzito mkubwa ili zijitenge, lakini kwa kuuvunja ulinganifu wa mkono wa kushoto na wa kulia; na mwaka 1981 Nielsen na Ninomiya walithibitisha kwamba, kwa kimia cha kawaida, hakuna njia ya kuziondoa isiyo na gharama. Mwanafunzi asomaye “kuzaana” atadhani chembe hizo zipo, azitafute maabarani. Twapendekeza “urudufu”, kwani nakala si mtoto.

Kanuni yatutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kwenda mbali. Kutafuta huko hakutoshi pasipo kuielewa kwanza kazi ya kitu chenyewe. Istilahi ngumu humchelewesha msomaji. Istilahi potofu humfundisha uongo. Wafasiri na walimu wenye hoja tofauti twawaomba watuandikie.