Geuza Dantie, Usome Ukingo

Msibani Bulambika, hapo katikati ya Bunyakiri, nimesikia watu wazima wakimsifia mzee mmoja kwa meno yake mapya ya juu. Meupe, wanasema, utafikiri ya mtangazaji wa televisheni. Fundi aliyeyatengeneza eti hana mpinzani kuanzia Miti hadi Hombo. Mzee mwenyewe alikuwa akicheka huku kiganja kimefunika mdomo, nao wakadhani ni haya. Mimi nimeishika kazi hii tangu ujana wangu, na nilijua kiganja kile kina kazi gani: kilikuwa kinazuia dantie, hayo meno ya bandia, isidondoke. Bugali na sombe vilipoletwa akageukia ukutani, akayatoa, akayafunga kwenye leso, akala kwa ufizi. Sifa hazikupungua.

Meno yasiyoweza bugali yanasifiwa kwa lipi? Bugali ni chakula cha kumeza kuliko kutafuna. Hatujafika kwenye hindi la kuchoma, wala muwa, wala nyama ya mbuzi.

Watu wa Bunyakiri siwalaumu. Mtu anashuka Bukavu kilomita 80 hivi za barabara mbovu, anapita msitu wa Kahuzi-Biega, analipa pesa aliyoipata kwa muhogo na madumu ya mawese, na hakuna aliyewahi kumwambia akague nini. Anakagua weupe kwa sababu weupe ndio unaoonekana. Ninayemlaumu ni fundi anayejua hivyo na kuutumia.

Basi tuumalize huo weupe kwanza. Kwenye kipimo cha rangi cha Vita, ambacho mafundi wa nchi nyingi wamekitumia tangu miaka ya 1950, kuna rangi 16, na B1 iko miongoni mwa zile nyeupe kabisa. Mtu aliyepita miaka 50 asivalishwe meno meupe kuliko A3. Hii ni sheria yangu. Tazama wazee ambao bado wana meno yao wenyewe: shingo ya jino ina unjano kuliko ncha, chonge ni nzito ya rangi kuliko meno ya mbele, na ncha zimelika. Mzee mwenye B1 anaonekana amevaa meno ya mtu mwingine. Upangaji nao una sheria yake: jino la pili lisisimame sawa na la kwanza, ligeuke kidogo, na kama mama alikuwa na mwanya, arudishiwe mwanya wake. Nimeona akina mama waliosifiwa usichana wao wote kwa mwanya wakitoka kwa fundi na meno yaliyobanana, na fundi akisema amewarekebisha.

Baada ya weupe, watu husifu mali, yaani kitu ambacho dantie imetengenezwa nacho. Ni ya plastiki au ya chuma? Imetoka Ulaya au China? George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. John Greenwood, daktari wa meno wa New York, alimchongea dantie ya pembe ya kiboko, mnyama ambaye watu wa Ruzizi hawahitaji kuelezwa, akaipachika meno ya watu. Wakati ule hiyo ilikuwa miongoni mwa mali bora. Lakini dantie ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi, na mwaka 1798 Washington bado alikuwa akimwandikia Greenwood kulalamika kwamba meno yanausukuma mdomo wake nje. Kisha ikaja dantie ya mpira uliopikwa na salfa, mpira wa aina ileile ulioangamiza watu wa misitu yetu enzi za mfalme Leopold II. Kwenye miaka ya 1930 rezini, ndiyo ile plastiki, ikaingia, na mpira ukasahaulika. Leo mali ya kujivunia ni stelite, asilimia 60 hivi kobalti na karibu 30 kromiumu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu Kongo, upande wa Kolwezi. Inapanda lori, inavuka bahari, inaturudia Bukavu vipande vidogo ndani ya pakiti, kwa bei ya kuumiza. Naipenda stelite. Fremu iliyomiminwa vizuri ina unene wa nusu milimita tu kwenye kaakaa, na ulimi haujui kama kuna kitu. Ila nimeona stelite ya bei kubwa yenye krosheti, ile ndoano ya kukamata jino, iliyokaza mpaka ikang'oa jino ililoshikilia, na nimeona rezini ya kawaida ikila muwa mwaka baada ya mwaka.

Sasa geuza dantie. Yafiche meno kiganjani, utazame ukingo wake unavyozunguka, kutoka nyuma ya gego la kulia, ukapita ndani ya shavu, ukaja mbele chini ya mdomo, ukaishia nyuma kushoto. Hapo ndipo kazi ilipo. Sijawahi kuona mnunuzi akiutazama ukingo, na sijawahi kuona fundi wa kweli akianzia mahali pengine.

Dantie ya juu inashikiliwa na utando mwembamba wa mate kati yake na kaakaa, na utando huo unadumu pale tu hewa inapokosa mlango. Mafundi husimulia habari za Gardette, Mfaransa aliyefanya kazi Philadelphia. Karibu mwaka 1800 alimtengenezea mama mmoja dantie ya juu, akamwambia aivae aizoee mpaka atakaporudi kumfungia springi. Kazi zikamzidi, miezi ikapita. Aliporudi na springi zake mama akamwambia azirudishe nyumbani, meno yanakaa yenyewe. Kilichoyashika ni ukingo uliofunga. Kama hewa inaingia, inaingilia hapo.

Ukingo mzuri unaumbwa na mgonjwa mwenyewe. Fundi anatengeneza sahani ya kipimo kwa ajili ya kinywa kimoja tu, anaipunguza iishie milimita 2 kabla ya mkunjo wa shavu, kisha anachukua pasta ya Kerr. Anailainisha kwenye moto wa spiriti, anaichovya kwenye maji ya vuguvugu isimchome mtu, anabandika sehemu fupi, anaiingiza kinywani. Hapo anamwambia mgonjwa abenue midomo, anyonye kidole, afungue kinywa chote, apeleke taya kulia, apeleke kushoto. Misuli inaisukuma pasta mahali inapopaswa kuishia. Anatoa, anatazama, anabandika sehemu inayofuata. Kuzunguka kinywa chote ni kazi ya subira, na haiwezi kuharakishwa kwa sababu pasta inapoa kwa wakati wake.

Matokeo yake ni ukingo wa mviringo, mnene hapa, mwembamba pale. Mbele katikati kuna mkato mwembamba wa kupisha ule uzi wa nyama unaofunga mdomo na ufizi. Pembeni, usawa wa magego ya mbele, kuna mikato mingine miwili, mipana zaidi. Nyuma ya gego la mwisho ukingo unapanda na kulizunguka donge la mfupa. Upande wa kulia haufanani na wa kushoto, maana hakuna mtu mwenye mashavu mawili yanayolingana. Ukikuta pande zote mbili sawasawa kabisa, hiyo ni kazi ya jiwe la kuchongea, kinywa hakikuulizwa. Na ukikuta ukingo mwembamba, mkali, wa unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, rudisha, udai pesa yako.

Mzee aliyenifundisha, pale Kadutu, Bukavu, alikuwa hakagui dantie kwa macho. Aliletewa siku moja kazi ya kijana mwenye sifa nyingi mjini, mteja akiwa amekaa papo hapo. Mzee akafunga macho, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kikasimama nyuma upande wa kulia. Akasema: "Baba, huyu fundi hakukwambia upeleke taya kushoto." Mteja akakumbuka kwamba kweli hakuambiwa. Mzee akamwomba aivae na apeleke taya kushoto, ikadondoka mapajani. Mahali pale palikuwa panene mno. Mfupa wa taya ukipita unaisukuma chini. Mzee akachonga kidogo sana, akapigisha msasa, akampa tena, na ikashika. Hakumtoza.

Nyuma, pale kaakaa gumu linapokutana na laini, ndipo wengi wanaposhindwa. Mgonjwa anasema "aa", mstari wa nyama unatikisika, fundi anauchora kwa penseli, kisha kwenye umbo la plasta la kinywa hicho anakwangua mfereji mdogo, wa kina kisichofika milimita moja mahali pengi, ili dantie ibonyeze nyama laini na kufunga mlango wa nyuma. Pitisha ukucha ndani ya dantie, karibu na mwisho: lazima ukutane na tuta dogo. Tapeli anaikata dantie fupi ili mteja asijisikie kutapika siku ya kwanza, na mteja anamshukuru. Wiki haiishi, hewa imeingia.

Mafundi hao wanaijua kasoro yao, ndiyo maana wana hila za kuificha. Ya zamani kabisa ni shimo la kufyonza: wanachimba kishimo katikati ya kaakaa la dantie, nayo inanata vizuri kwa muda, mpaka nyama ya kaakaa inapovimba na kujaza kishimo chote. Nyingine ni kung'arisha ndani. Mteja akiona ndani na nje vinameremeta anafurahi. Ndani hapang'arishwi kamwe! Kila mstari wa kaakaa uliochukuliwa kwenye kipimo uko pale, na ukipitisha pumisi umeufuta. Dantie nzuri ni kioo nje, na ndani ina makunjo ya mwenyewe. Mbaya kuliko zote ni ile ya mafundi wa sokoni, wanaobandika jino la kununua kwa rezini baridi moja kwa moja kwenye meno ya jirani, lisitoke tena. Mswaki haupiti. Baada ya miaka michache mtu aliyekosa jino moja anakosa matatu.

Rezini nayo ina moto wake. Ya baridi inaganda mezani kwa dakika chache, na majimaji yasiyoganda yanabaki ndani asilimia 3 hadi 5. Ndiyo yanayochoma ufizi na kunuka. Ya moto iliyopikwa vizuri haibakizi hata nusu ya asilimia. Lakini kupika ni saa 8 kwenye maji ya nyuzi 74, kisha mufule, lile kopo la chuma lenye dantie ndani, iachwe ipoe ndani ya maji yaleyale. Majimaji ya rezini yanachemka kwenye nyuzi 100 na kidogo, na rezini inapoganda inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo anayeharakisha anapata vitundu. Inua dantie kwenye jua: ukiona vidoa vyeupe ndani ya sehemu nene, fundi alichochea moto. Vitundu hivyo ndiyo nyumba ya ukungu wa kinywa. Umeme wa Bukavu ukikatika tunapika kwenye mbabula, kipimajoto ndani ya sufuria, makala mawili yakiongezwa au kutolewa, na fundi hasogei. Nasema wazi: rezini iliyopikwa kwenye makala na mtu aliyekaa pembeni ni bora kuliko ya mashine iliyoachwa peke yake.

Kuumana kwa meno kunapimwa kwa mdomo. Mwambie mvaaji ahesabu kuanzia sitini hadi sabini. Kwenye kila "s" meno ya juu na ya chini yakaribiane bila kugusana; yakigongana, fundi amemwinua mno, na atachoka taya kabla ya jioni. Kisha aseme "tafadhali": ncha za juu ziguse mdomo wa chini, pale pakavu panapokutana na pabichi.

Kuhusu kujaza jino sina mengi. Pitisha uzi kati ya jino lililojazwa na jirani yake; ukichanika, kuna ukingo uliobaki nje, na chakula kitalala pale. Jino la dhahabu la bei rahisi mara nyingi ni shaba, litakuwa jeusi.

Zamani hapa mjini hakuna aliyekabidhiwa dantie kwa siku moja. Siku ya kipimo, siku ya kuumanisha, siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, ambapo mke au binti aliitwa aseme kama huyu ndiye wake, kisha siku ya kukabidhi. Watu wa Bunyakiri walilala kwa shangazi au kwa ndugu wa kanisa, na walirudi nyumbani wakitafuna. Siku hizi mtu anataka apande gari la jioni, na fundi anamkubalia. Fundi alipaswa kumkatalia.

Na yule atakayekubali kubaki, asiondoke kesho yake baada ya kukabidhiwa. Dantie mpya huchoma mahali fulani, karibu kila mara. Arudi kwa fundi akiwa ameivaa, kidonda kionekane, na fundi apunguze pale panapochoma tu, kwa kiasi cha ukucha. Akimwona anazungusha jiwe ukingo wote kwa sababu ya kidonda kimoja, amshike mkono.