Fundi Asiyetaja Jina la Gari

Pampu ya petroli ya Pijo 504 ya kabureta huenea kiganjani. Ina mdomo wa kuvuta, mdomo wa kusukuma, na ubavuni mkono mfupi wa chuma unaopigwa na kamshafti injini inapozunguka. Ndani yake hamna umeme wala kompyuta. Kuna springi, vali mbili ndogo zinazopitisha mafuta upande mmoja tu, na dayaframu, yaani kitambaa kilichovishwa mpira ambacho kupanda na kushuka kwake ndiko kunakoleta petroli kutoka tangini. Kitambaa hicho kikitoboka, petroli huvuja nje au hushuka kimyakimya kwenye oili ya injini, na gari huzima popote lilipo, hata katikati ya mlima.

Jomvu Kuu, Mombasa, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, kuna fundi mmoja mtu mzima ambaye nimekuwa nikimtazama akitafuta pampu hizi na viungo vyake. Wengi hudhani ustadi wa kutafuta spea adimu ni kujua watu: nani ana duka, nani ana gari bovu limelala uani. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nyingine hufanyika juu ya meza yake kabla simu haijapigwa.

Kwanza huosha. Pampu iliyojaa matope na mafuta ya miaka haisomeki. Ikishakauka hutafuta nambari. Za Pijo huandikwa tarakimu nne, nukta, kisha mbili, na fundi huziandika kwa heshima, ila hazitegemei. Nambari humwambia mwenye duka atafute boksi, na maboksi hayo yaliisha rafuni siku nyingi. Kwa hiyo huchukua vernia na kuanza kupima: kutoka kati ya tundu la bolti moja hadi kati ya tundu la pili, urefu wa mkono na jinsi ulivyopinda, unene wa gasketi, upana wa midomo, kipenyo cha dayaframu na urefu wa mti wake, idadi ya skrubu za kifuniko. Vyote huvichora kwenye kadibodi iliyopasuliwa kutoka kwenye boksi la filta. Mchoro si wa kuvutia, lakini hauna kosa.

Baada ya hapo ndipo anapopiga simu, na hapo ndipo nilipoanza kumhusudu. Hataji Pijo hata kidogo. Humwuliza mwenye duka kama ana pampu ya mkono, matundu mawili, umbali wake kadhaa, mkono umepinda kuelekea chini. Ukitaja 504 dukani, jibu huja kabla hujamaliza: hizo hakuna siku hizi. Ukitaja vipimo, mtu huinuka akaenda kuangalia rafu ya nyuma. Na rafu ya nyuma huwa na kitu, kwa sababu makampuni kama AC, SEV na Pierburg yalitengenezea pampu magari ya aina nyingi, na kinachofanana ndani mara nyingi hujificha chini ya jina la gari jingine kabisa. Mjini ikikosekana, simu huenda Kirinyaga Road, Nairobi, na mzigo hushuka na basi la usiku.

Kinachochekesha ni kwamba magari yenyewe yalizaliwa jirani. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kiko Miritini, mwendo mfupi kutoka Jomvu Kuu, na ndiko 504 zilikounganishwa kutokana na vipande vilivyokuja kwa meli. Gari lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, likaja kupendwa huku kuliko kwao. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na la umbo la coupé mwaka 1978. (504 za injekisheni ni habari nyingine. Zilitumia pampu ya Kugelfischer, kazi ya Kijerumani yenye ncha nyingi; mwenye nayo ikiwa mbovu tumwombee dua.) Sasa kuunganishwa kwa 504 Miritini kumekwisha, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hiyo hata la kuchinjwa kwa spea haliji tena kutoka nje. Yanayoshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani hayajui kabureta.

Hapo ndipo njia ya mkato inapozaliwa. Kijana mmoja mwenye pikapu ya kubebea madafu alikuja na wazo ambalo mafundi wengi wangelikubali.

"Ami, mjini kuna pampu za stima za ex-Japan, bei rahisi. Tufunge hiyo twende."

"Hiyo yasukuma mno, mwanangu. Kabureta yako itatapika."

Hakueleza zaidi, lakini hesabu yake ni hii. Pampu ya mkono husukuma kwa nguvu ya robo ya bari hivi. Hiyo ya stima, ya magari ya injekisheni, husukuma kwa bari tatu. Ndani ya kabureta kinachozuia mafuta ni sindano ndogo inayoinuliwa na floti, na floti haina ubavu wa kuzuia bari tatu. Petroli hufurika, humwagika juu ya injini ya moto, na yanayofuata hayahitaji kusimuliwa. Kijana alinung'unika, akaacha pikapu.

Pampu iliyopatikana baadaye kwa simu haikuwa na mkono uliolingana. Dayaframu yake, hata hivyo, ilikuwa sawa kwa kipenyo na mti. Fundi alikwaruza alama ubavuni mwa ile ya zamani kabla ya kuifungua, ili midomo irudi ilivyokuwa inatazama. Alihamishia humo dayaframu ya ile iliyopatikana. Wakati wa kukaza skrubu aliushikilia mkono wa pampu umebonyea hadi mwisho, kwani ukikaza dayaframu ikiwa imelegea itavutika vibaya na kupasuka mapema. Kisha akaziba mdomo wa kuvuta kwa kidole gumba, akapampu mara kadhaa, akasikiliza. Gumba lilinaswa. Vali zilikuwa hai.

Pale mpira mpya unapobidi kukatwa, kipande cha jaribio hulala ndani ya kopo la petroli hadi asubuhi. Kikivimba, hutupwa. Mpira wa tyubu ya baiskeli huvimba, na bado kuna gereji zinazoufunga. Sina neno la adabu kwa kazi hiyo. Ni sawa na wale wanaozibua jeti za kabureta kwa waya: jeti iliyoandikwa 130 ina tundu la milimita 1.30, na waya ukipita mara mbili tatu nambari hiyo inakuwa uongo na gari linakunywa petroli kama maji.

Kwa hiyo nawaomba wenye stoo. Pampu, kabureta na masanduku ya floti ya magari ya zamani, hata yaliyovunjika, msiyauze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi wa aina hii hajayapima. Na unapompelekea gari, mpe ile spea mbovu pia, nzima kama ilivyotoka, usiifungue wala kuipiga nyundo. Bila hiyo hana cha kupimia.