Kilio cha Zaburi Katika Bahari ya Utenzi

Wanafunzi wengi wa shule zetu humjua Mathias Mnyampala kwa ngonjera. Si ajabu. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta, vilivyotoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969, viliingia madarasani, na vijana walisimama mbele ya wazazi wao wakijibizana kwa beti. Lakini mkono huo huo ndio ulioandika Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Vitabu hivi viwili hupitwa kana kwamba ni mali ya kanisa peke yake, wala havihusu fasihi ya taifa. Hapa tutakitazama hicho cha pili tu, kwa swali moja: bahari ya utenzi, iliyolelewa pwani kwa karne nyingi, yafanya nini inapotwishwa kilio cha Mkristo anayemtegemea Mungu katika taabu?

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 karibu na Dodoma. Mwaka huo ndipo ilipoanza njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, nayo iliendelea hata 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya vita vyao. Kisha mvua nayo ikakosa. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Hatusemi kwamba mtoto mchanga aliikumbuka njaa hiyo. Twasema tu kwamba alikulia miongoni mwa watu walioikumbuka, na kwamba nchi kavu yenye kiu, inayotajwa katika Zaburi, haikuwa fumbo kwa Mgogo.

Sasa tuitazame bahari yenyewe. Ubeti wa utenzi una mistari minne mifupi, kwa kawaida ya mizani nane kila mmoja. Mitatu ya kwanza hufuata kina kimoja, na wa nne hushika kina kinachoendelea tangu mwanzo wa utungo hata mwisho. Kazi yake ya asili ni kusimulia na kuusia. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, wasimulia vita. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, aliutumia mwaka 1858 kumuusia binti yake. Na juu ya taabu yenyewe, pwani ilikuwa na Utenzi wa Ayubu, kisa cha mja aliyepoteza mali, watoto na afya asimwache Mola wake. Neno linalokibeba kisa hicho ni subira.

Zaburi ni habari nyingine. Nyingi kati yake ni malalamiko. Zaburi ya 13 yauliza mara nne, hata lini? Ya 22 yaanza kwa mtu kumwuliza Mungu kwa nini amemwacha, maneno ambayo Injili yayaweka kinywani mwa Yesu msalabani. Ya 88 yaishia gizani, bila shukrani. Mwamini wa Zaburi hizi hamtegemei Mungu kwa kunyamaza. Humtegemea kwa kumdai. Anajua kwamba ana haki ya kusikilizwa, na imani yake yote i katika kutoondoka mlangoni.

Hapa ndipo ilipo shida ya mtunzi, na mhakiki asiifiche. Kilio hukatika, utenzi hautaki kukatika. Shairi la Kiebrania husema jambo moja mara mbili kwa maneno tofauti, kisha hukaa kimya. Utenzi una nafasi zake za kujazwa, kina kinadai neno, na mara nyingi neno linalopatikana kwa wepesi ni la kuonya au kueleza. Swali la mtu anayeteseka laweza hivyo kugeuka mawaidha kabla hajamaliza kuliuliza. Twaiona hatari hii kuwa kubwa kuliko ile ya kupotosha maana, ambayo wahubiri huiogopa zaidi.

Hata hivyo kuna faida ambayo tafsiri ya maneno matupu haina. Kile kina cha mwisho kinachorudi kila baada ya mistari mitatu hakimpi mwenye taabu jambo jipya. Humrudisha pale pale. Aliyefiwa hahitaji hoja mpya kila asubuhi. Tena utenzi hushikwa kichwani, na bibi asiyejua kusoma aweza kuwa nao jikoni au shambani, ambako kitabu hakifiki.

Katika miaka ya 1970 walikuwako wahakiki waliosema kwamba fasihi ya dini huwafundisha wanyonge kuvumilia dhuluma. Shutuma hiyo yaweza kuifaa subira isiyouliza neno. Haiyafai malalamiko ya Zaburi, kwa kuwa mtu anayeuliza hata lini hajakubali bado.

Twaona pia kwamba Mnyampala wa Zaburi na Mnyampala wa ngonjera si watu wawili. Ngonjera ni majibizano: mmoja adai, mwingine ajibu, na katika zile za shuleni mara nyingi wote wawili hupatana katika beti za mwisho. Zaburi ya malalamiko ni ngonjera ambayo upande mmoja haujajibu. Msemaji ametoa hoja yake, amesogea kando kidogo, anangoja. Mwalimu na awasomeshe vijana Zaburi ya 88 baada ya ngonjera yo yote waipendayo, kisha awaache waitafute ile sehemu ya kupatana. Hawataiona, haimo.