Timu ya programu bila bwana mifugo haijakamilika

Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka nchini Tanzania mwaka 2007, Kilosa ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Watu zaidi ya 140 walikufa nchini. Ugonjwa huu hubisha hodi zizini kwanza: kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa wingi, watoto wao hufa, kisha aliyechinja au kukamua naye huanza kuumwa. Taarifa ya mbuzi huenda kwa bwana mifugo, ya mgonjwa huenda zahanati, na kila moja hupanda ngazi zake hadi wizara yake.

Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kuwa taasisi ikibuni mfumo, mfumo huo hutoka na sura ya mawasiliano ya taasisi yenyewe. Ipe idara ya mifugo mkandarasi wake na idara ya afya wake, utapata programu mbili zisizosalimiana, hata kama waandishi wa msimbo ni mahiri kiasi gani. Kwa hiyo muundo wa timu ni uamuzi wa kiufundi, na hufanywa kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa.

SACIDS, taasisi ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza yenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ililiona hilo. Desemba 2014, katika EpiHack, kambi ya kubuni programu za afya iliyofanyika Arusha, waandishi wa programu waliwekwa meza moja na wataalamu wa afya ya binadamu na wa mifugo. Kazi ile ndiyo iliyozaa AfyaData, programu ya simu janja ya kuripoti magonjwa kutoka ngazi ya jamii. Aliyeko malishoni, tuseme tambarare ya Mkata jirani na hifadhi ya Mikumi, anajaza fomu pasipo mtandao. Inakaa kwenye simu mpaka mtandao upatikane, ndipo inaruka. Mtaalamu akishaisoma, majibu humrudia aliyeripoti. Kipande hiki cha majibu ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Mfugaji aliyeripoti ng'ombe watatu akakaa wiki mbili bila jibu hataripoti wa nne, na jambo hilo bwana mifugo analijua bila kufanya utafiti.

Katika miezi 5 ya mwanzo ya 2016, majaribio ya Ngorongoro na Morogoro yalikusanya taarifa za visa 1,915. Za wanyama zilikuwa 1,816, za binadamu 99. Timu ya watu wa hospitali peke yao ingejenga mfumo wa kuzipokea hizo 99.

Huku kwetu wanaouza ajaili, mbinu ya kujenga programu hatua kwa hatua pamoja na mtumiaji, mara nyingi huuza vikao vya kusimama asubuhi na vikaratasi vya rangi ukutani. Watu 17 walioandika ilani yake huko Utah, Februari 2001, waliweka pia kanuni kwamba wenye shughuli na watengenezaji wafanye kazi pamoja kila siku. Hiyo ndiyo inayorukwa. Mtumiaji wa wilayani huuona mfumo siku ya uzinduzi, akiwa amevaa fulana.

Ugumu uko kwenye ukubwa. Mwongozo wa 2020 wa Skramu, mojawapo ya njia za ajaili, unasema timu kwa kawaida isizidi watu 10, nasi tuna desturi ya kuita kila idara isije ikanuna. Kamati ya watu 30 haiandiki programu. Inakunywa soda na kusaini posho. Tena Mganga Mkuu wa Wilaya na mkuu anayesimamia mifugo wanalingana cheo, hakuna wa kumwamuru mwenzake. Wakibishana kama fomu ianze na mnyama au na mgonjwa, kazi husimama kusubiri barua. Dawa yake ni kumteua mmoja, kwa maandishi, awe mwenye kauli ya mwisho juu ya kipi kijengwe kwanza, na mwenzake akae ndani ya timu badala ya kualikwa. Nani ateuliwe si hoja kubwa, ilimradi asiwe mkandarasi.

Halmashauri itakayoagiza mfumo mwingine, kabla ya kuuliza bei iombe orodha ya timu. Kama hakuna muuguzi wa Mikumi wala bwana mifugo wa Kilosa aliyepewa muda rasmi wa kuifanya kazi hiyo tangu wiki ya kwanza, isisaini.