Wapima Watoto wa Kijijini

Mustakabali wa kijiji kidogo cha Indonesia hujadiliwa kwa barabara, bei ya mpunga na vijana waliokimbilia Jakarta. Naona kipimo cha kweli zaidi ni posyandu, kliniki ya mama na mtoto inayofunguliwa mara moja kwa mwezi, pengine barazani kwa mtu. Waendeshaji ni wanawake wa hapohapo, wanaojitolea kwa posho ndogo au bila chochote. Wao huandikisha, hupima, hujaza kadi na kushauri. Chanjo humwachia mkunga. Kwa miaka mingi mizani yao ilikuwa ya kuning'inizwa kwenye boriti: mtoto alitiwa ndani ya kitambaa, akalia, akarusha miguu, nao wakasubiri mkono wa mizani utulie. Februari na Agosti hugawa vidonge vya vitamini A, vya buluu kwa wenye miezi 6 hadi 11, vyekundu kwa waliotimiza mwaka hadi wanaokaribia miaka mitano.

Wapo wanaosema hawa si wauguzi, na vipimo vyao hukosea. Ni kweli, hukosea. Lakini mtaalamu wa mbali atajuaje ni mtoto yupi hakuletwa mwezi huu? Hawa wanajua, na humfuata hadi nyumbani. Uzito usipopanda inavyotakiwa, humpeleka kituo cha afya. Udumavu wa watoto nchini ulishuka kutoka asilimia 37.2 mwaka 2013 hadi 21.5 mwaka 2023. Sababu ni nyingi, sikatai; ila sera yoyote ya lishe, ili imfikie mtoto, hupitia mikononi mwao.